Mkanda Ulikatikia Mlimani

Kijana wa dukani aliinua mlango mdogo wa kaseti kwa kidole gumba, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akaguna. Akanigeuzia nami nione. Juu ya utepe mweusi, pembezoni mwa gurudumu, palikuwa na unga mweupe kama chumvi inayobaki mwambani maji yakishakupwa.

"Ukungu," akasema. "Huu nikiutia kwenye mashine yangu utahamia kwenye kichwa, na kutoka kwenye kichwa utahamia kwenye mikanda ya wateja wengine. Samahani sana." Akautia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo, akanirudishia kwa ncha za vidole kama anayerudisha samaki aliyechacha. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.

Hiyo ilikuwa Geneva, Alhamisi jioni, Septemba 2019. Mkanda wenyewe ni VHS ya saa tatu, E-180, gamba jeusi. Ubavuni pameandikwa HARUSI kwa mwandiko wa mama mdogo, mwandiko wa shule ya masista, herufi zimelala upande mmoja kama majani ya mnazi kwenye kusi. Neno hilo limepigwa mstari. Chini yake, kwa mwandiko wa mjomba, pameandikwa BONDI WA THELUJI.

Nilikuwa nimeubeba kutoka Tanga kwa sababu kila Idi mama mdogo huniuliza harusi yake itatoka lini humo ndani, nami nilikuwa nimemwahidi kwamba Ulaya hakishindikani kitu. Sasa kilikuwa kimeshindikana. Kikao kilichonipeleka kilikuwa kimekwisha, ndege yangu ilikuwa Jumamosi, na Ijumaa nzima ilikuwa mali yangu. Na kwa bahati, mlima ambao mkanda ule ulikatikia haukuwa mbali: saa tatu hivi kwa treni hadi Interlaken, kisha vipande vidogovidogo vya safari. Nikautia mkanda kwenye begi, na fundo lake, nikalala mapema.

Kukatikia mlimani kunahitaji maelezo.

Mjomba alikuwa baharia. Mwaka 1982 alirudi kutoka Dubai na deki ya video, mzigo mzito wa chuma, siyo hizi deki za mwisho zilizokuwa nyepesi kama sinia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Tulikuja kukipata mwaka 1994. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini, sisi wa Magomeni, Dar es Salaam, tulikuwa na redio na simulizi. Mwaka uliofuata, 1983, ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, deki ile ililala ndani ya pipa la sembe, imeviringishwa khanga mbili. Mjomba hakuwa mlanguzi, lakini nani angepata muda wa kueleza? Ilipotoka, ilitoka na unga katika matundu yake, na hadi inakufa ilikuwa ikipata moto inatoa harufu ya ugali.

Baada ya 1985 Mzee Mwinyi alipoingia na ruksa yake, deki nayo ikapata ruksa. Ikawekwa sebuleni, mlango ukafunguliwa, na mjomba akawa hatozi kiingilio ila kuna kopo. Mikanda ilikodishwa kwenye duka la Mhindi mmoja Upanga, mzee mpole aliyeandika majina yetu kwenye daftari la mistari na kukagua kila mkanda uliorudi kama umerudishwa mwanzo. Usiporudisha nyuma, faini. Pale ndipo nilipojifunza kwamba James Bond si filamu, ni ukoo. Kulikuwa na yenye mzungu mwenye kifua cha manyoya, Sean Connery, na kulikuwa na yenye mzungu anayenyanyua nyusi, Roger Moore, na wote wawili walikuwa mtu mmoja. Octopussy ya 1983 haikuwahi kukutwa rafuni: ilipigwa Udaipur, ndani yake yumo Kabir Bedi na yumo mcheza tenisi Vijay Amritraj, na familia zote za Kihindi za Upanga zilikuwa na zamu yake.

Mikanda mingine ilifika kwa miguu ya watu. Ya Maskati ilikuja na jamaa wa Unguja, ina maandishi ya Kiarabu chini na haina busu hata moja. Bond alikuwa akimsogelea mwanamke, kioo kinaruka, na tunamkuta anafunga vifungo vya shati. Tuliamini kwa muda mrefu kwamba huyu bwana ana tatizo la shati. Iliyotoka Marekani ilikuwa bure kabisa, mfumo wake ni NTSC na deki yetu ilikuwa PAL, tuliona michirizi myeusi na myeupe ikipanda tu. Mmoja wetu alikaa akaitazama hadi mwisho. Alisema alimsikia Bond.

Ndivyo tulivyokusanya. Hakuna aliyekuwa na seti. Ulikuwa na orodha kichwani, umeona saba, jirani ameona tisa, na kila mmoja anasimulia zile ambazo mwenzake hajaona, akiongeza chumvi kwa kadiri alivyolipwa maandazi.

Sasa, usiku wa mkanda. Mwaka 1987 mjomba alikodi On Her Majesty's Secret Service, filamu ya 1969, yenye Bond ambaye hakuna aliyemjua: George Lazenby, Mwaustralia, aliyecheza mara moja tu akaondoka. Akaipenda sana theluji yake. Aliazima deki ya pili, akaziunganisha kwa waya, akatafuta mkanda mtupu. Hakuwa nao. Rafuni palikuwa na mmoja ambao kile kipande cha plastiki cha mgongoni kilikuwa kimevunjwa ili usirekodiwe tena. Mjomba akabandika karatasi ya gundi juu ya tundu. Deki haina macho. Ukiziba tundu inaamini mkanda ni mpya. Ulikuwa mkanda wa harusi ya mdogo wake.

Umeme ulikatika alfajiri. Ulipokuwa unakatika, Bond na watu wake walikuwa ndani ya helikopta, wanaukaribia mlima ambao adui, Blofeld, amejenga ngome yake ya vioo. Asubuhi ilibidi mkanda urudi Upanga. Kwa hiyo nakala yetu ilikuwa hivi: helikopta zinakuja, jua linachomoza nyuma yake, muziki umepanda, mara *shhh*, chenga, na ghafla tuko Magomeni. Taarabu. Mama mdogo amekaa kwenye kiti cha dhahabu ameinamisha uso, mikono ina hina, na bibi yangu anatunza.

Mama mdogo hakuzungumza na kaka yake hadi Ramadhani iliyofuata. Ndoa yenyewe, mahari, kupelekwa kwa bwana harusi, vyote vilikuwa vimefutwa na theluji. Ilibaki saa moja ya usiku wa mwisho. Lakini sisi watoto, tulioutazama mkanda ule labda mara arobaini, hatukuona kasoro yoyote. Steringi amekwenda kumkomboa mchumba, na kinachofuata ni harusi. Nani angetegemea kingine?

Treni ya kutoka Bern inapita kando ya ziwa la Thun, maji ya rangi ambayo kwetu ungeyaona Nungwi. Interlaken unabadili, unaingia treni ya bondeni, na baada ya dakika 20 uko Lauterbrunnen, kijiji kilichokaa chini kabisa ya kuta mbili za mawe. Maporomoko ya Staubbach yanashuka kutoka ukutani karibu mita 300, na upepo unayatawanya kabla hayajafika chini, kwa hiyo ukisimama kijijini unaona maji yanaanza safari lakini huyaoni yakifika. Basi la njano likatupeleka Stechelberg, kwenye kituo cha gari la nyaya.

Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi faranga 100. Nililipa huku nikitazama pembeni, kama mtu anayechomwa sindano. Mwezi Mei mwaka huohuo serikali yetu ilikuwa imetangaza kwamba inafikiria kuweka gari la nyaya Kilimanjaro, na wapagazi walikuwa wamepiga kelele, kwa haki kabisa. Nikiwa ndani ya kile kibanda cha vioo, mama mmoja wa Kizungu amembeba mbwa, mzee wa miaka themanini na ushee ameshika fimbo, nikaelewa hoja ya pande zote mbili na nikaacha kuifikiria. Wakati huo ulikuwa unapanda kwa vipande vinne: Gimmelwald, Mürren, Birg, kisha kileleni. Dakika thelathini na kitu na hujatoa jasho. Kilele cha Schilthorn ni mita 2,970. Kwa mtu wa Moshi hicho si kitu, ni juu kidogo tu ya vibanda vya Mandara, mahali ambapo wapanda Kilimanjaro wanalala usiku wa kwanza wakiwa bado wanataniana.

Mürren hakuna magari. Nilishuka hapo nusu saa. Ndiko Bond anakoteremkia usiku, akitoroka kwa mbao za kutelezea, na huku nyuma watu wa Blofeld wanamfuata. Kabla ya hapo amefungiwa katika chumba cha magurudumu ya gari hilihili la nyaya, ameng'oa mifuko ya suruali yake akaivaa mikononi kama glovu, akaning'inia kwenye waya. Tulilijaribu hilo Magomeni kwenye waya wa kuanikia nguo. Mifuko ya kaptura ya shule haitoshi mkono.

Kwenye runinga za kituo kuna picha ya moja kwa moja ya kileleni, ili mteja asije akalipa kutazama mawingu. Picha ilionyesha wingu upande wa kushoto, wingu upande wa kulia, na katikati kipande cha mlima kilichosimama wima. Mhudumu alinionya. Mimi nikacheka peke yangu, maana hiyo ndiyo picha niliyoizoea.

Hapa niingie kidogo katika ufundi. Filamu ile ilipigwa kwa lenzi za Panavision, picha yake pana ni mara 2.35 ya kimo chake. Televisheni ya zamani ilikuwa karibu mraba, 1.33. Ili picha ijae kiooni, waliotengeneza mikanda walikata pembeni, wakawa wanalisogeza dirisha dogo huku na huku kufuata anayezungumza. Piga hesabu: zaidi ya asilimia 40 ya picha ilibaki sakafuni. Watu wawili wakiwa mezani, ulimwona mmoja na pua ya mwenzake. Kuna mazungumzo marefu sana katika utoto wangu kati ya James Bond na pua. Na kwa kuwa filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde na mfumo wa PAL huonyesha 25, kila kitu kilikwenda mbio kidogo: filamu ya dakika 142 ilikwisha kwa dakika 136, na sauti za watu zilipanda wembamba kidogo. Nilipokuja kuisikia sauti halisi ya Lazenby nilidhani ana mafua.

Filamu nzima niliipata London. Nilikwenda kusoma mwaka 1999, nikakuta maduka ya hisani, yale ya nguo na vyombo vya waliokufa au waliohama, yana rafu nzima za VHS, peni 50 hadi pauni moja. Wenyeji walikuwa wanahamia DVD, wanaitupa mikanda kama maganda ya machungwa. Mimi nilikuwa mtu aliyekua akilipia maandazi ili asimuliwe Thunderball, na sasa Thunderball ipo chini kwenye kikapu kati ya mikanda ya mazoezi ya viungo. Nilichanganyikiwa. Jumamosi nilikuwa napanda basi hadi mwisho wa njia, nashuka, narudi kwa miguu, naingia kila duka. Orodha ilikuwa kwenye pochi: Dr. No ya 1962 hadi The World Is Not Enough ya 1999, kumi na tisa. Ya ishirini, Die Another Day, ikatoka 2002 nikiwa bado huko. Niliyokuwa nayo niliipiga alama. Kulikuwa na swali la Never Say Never Again ya 1983, ambayo Connery alirudi kuicheza kwa watayarishaji wengine kwa sababu ya kesi ya zamani ya haki za Thunderball. Je, ihesabiwe? Niliinunua, nikaiweka rafu nyingine, kama mtoto wa nje anayesalimiwa lakini halali nyumba kubwa.

Nataka kusema jambo ambalo wakusanyaji wenzangu hawalipendi. Seti iliyokamilika, imepangwa kwa miaka, migongo sawasawa, ilinipa raha ya siku nne hivi. Halafu nikagundua kwamba kwa mpangilio wake sahihi hadithi haisimami. Katika You Only Live Twice ya 1967 Bond na Blofeld wanakutana uso kwa uso. Katika filamu inayofuata, hii ya theluji, Bond anafika ngomeni kwa Blofeld amevaa miwani tu na jina la kuazima, na Blofeld hamjui kabisa! Sababu ni kwamba Ian Fleming aliviandika vitabu kwa mpangilio mwingine, cha theluji kikatoka 1963 na kile cha Japani 1964, na watengenezaji filamu wakavigeuza. Magomeni hatukupata shida hiyo. Tuliona theluji kwanza. Mikanda iliyotufikia kwa bahati, kwa baharia, kwa jamaa wa Maskati, ilitupangia vizuri kuliko studio.

Na ni London, chumba cha kupanga, mwaka 2000, ndipo nilipoona mwisho. Nilikuwa na miaka 26. Helikopta zikaja, jua likachomoza, muziki ukapanda, na mwili wangu wote ukajikaza kusubiri chenga na taarabu. Hazikuja. Helikopta ziliendelea, zikatua. Nilitazama vita ile kama mtu aliyefunguliwa chumba kilichofungwa tangu utotoni. Kisha, sikuamini, harusi! Ipo. Ureno, maua, watu wanacheka, Diana Rigg amevaa nguo nyeupe. Nikapiga kofi goti langu. Tulikuwa sahihi. Halafu wakaondoka kwa gari, wakasimama barabarani kutoa maua yaliyofunika gari, gari jingine likapita, risasi. Bibi harusi amekufa, Bond amemkumbatia anamwambia polisi hakuna haraka, na majina yanaanza kupanda.

Nilizima, nikakaa gizani. Mjomba sikumwambia. Ukishawaacha watu na harusi kwa miaka kumi na mitatu, utaanzia wapi?

Kileleni wingu lilikuwa palepale lilipoahidiwa. Nilisimama nje kwenye baridi, mawe chini ya viatu, nyumba ya duara nyuma yangu. Waswisi walilifungua gari la nyaya mwaka 1967, na mkahawa wao wa kuzunguka ulikuwa haujakamilika. Watu wa filamu, wakitafuta mahali panapofanana na ngome ya kitabu cha Fleming, wakaukuta. Waliingia mkataba: tutawakamilishia ndani, tutawajengea uwanja wa helikopta, nanyi mtatuachia tupige picha. Upigaji ulianza Oktoba 1968. Fleming aliibuni ngome hiyo kichwani na kuiita Piz Gloria. Wenye mlima wakalichukua jina, na leo ndilo lililoandikwa mlangoni. Chini kulikuwa na maonyesho ya filamu, yaliyofunguliwa mwaka 2013, na kibanda cha kukaa ukatikiswa kama uko ndani ya helikopta. Sikukaa. Nilisimama muda mrefu kwenye habari za Johnny Jordan, mpiga picha aliyekatika mguu kwa ajali ya helikopta wakati wa filamu ya Japani, akarudi kwenye hii akiwa na mguu mmoja, akajifunga mikanda na kuning'inia chini ya helikopta ili apige theluji ile. Zaidi ya asilimia 40 ya alichokipiga akiwa ananing'inia ndiyo hiyo sisi hatukuwahi kuiona.

Nikapanda mkahawani, nikapata meza ya dirishani, nikaagiza supu na chai. Sakafu ya pembeni, yenye meza, inazunguka. Duara moja kwa dakika 45. Kichwa cha deki ya PAL huzunguka mara 25 kwa sekunde, nikawaza, kwa hiyo hapa naona mambo kwa mwendo wa kistaarabu. Nikautoa mkanda kwenye mfuko, nikafungua fundo, nikauweka kwenye ukingo wa dirisha ili nipige picha yake na mlima nyuma nimpelekee mjomba. Supu ikaja. Ilikuwa ya moto na mimi nilikuwa na baridi, nikainama. Nilipoinua kichwa mkanda haukuwapo.

Moyo ulinidondoka. Harusi ya mama mdogo! Nilichungulia chini ya meza, nikatikisa begi, nikamtazama mhudumu kwa jicho ambalo hakustahili. Nadhani ilinichukua dakika tatu nzima kuelewa kwamba sakafu inazunguka na dirisha halizunguki. Mkanda ulikuwa umekaa palepale nilipouweka. Ni mimi niliyekuwa nimeondoka.

Nikainuka kuufuata, na meza ya tatu nyuma yangu nikamkuta mzee wa Kiingereza na mkewe, mkanda wameuweka katikati ya sahani zao wanausoma ubavuni.

"Ni wako, bwana?" akauliza.

"Ni wangu. Samahani."

"Tumeuona unapita tukadhani ni sehemu ya maonyesho." Akaupima uzito mkononi. "Mimi nilikuwa mtu wa Betamax."

"Pole," nikasema, na kwa dhati.

Mkewe akaniuliza kilichoandikwa ni nini. Nikamfasiria: wedding, limekatwa, halafu Bond, ya theluji. Akanitazama, akatazama mkanda. "Basi walikuwa wameiona," akamwambia mumewe. "Wamekata harusi." Sikuwa na nguvu za kuanza kumweleza habari za umeme wa Dar es Salaam.

Niliporudi mezani kwangu wingu la kushoto lilikuwa linafunguka. Eiger kwanza, weusi mtupu, kisha Mönch, kisha Jungfrau, mita 4,158, nyeupe hadi macho yanauma. Ilikuwa imepangwa pembeni kabisa, pale ambapo kwenye kioo cha mjomba palikuwa na mwisho wa dunia. Nilikuwa nimeshaiona filamu kwa upana wake wote, kwa DVD, na najua milima hiyo inapita pale Bond anapofika. Lakini nikageuza kichwa mwenyewe kuitafuta, shingo ikalia.

Nikampigia mjomba kwa WhatsApp. Saa za kwetu ilikuwa alasiri, alikuwa barazani. Nilisikia mchuuzi wa kahawa anagonga vikombe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umefika?"

"Nimefika. Niko juu yake. Ninakula supu kwenye nyumba ya Blofeld."

Akacheka hadi akakohoa. Nikageuza kamera ikaelekea dirishani. Akanyamaza muda. "Mbona pana hivyo," akasema. Halafu akauliza lile ambalo, naamini, alikuwa amelihifadhi tangu umeme ulipokatika. "Sasa wewe si uliiona yote huko Ulaya. Steringi alikufa?"

"Hakufa, mjomba. Alioa."

"Si tulisema!"

"Alioa, halafu siku ileile wakamuua mkewe. Ndani ya gari. Inaishia hapo."

Vikombe viligongwa. Mlima wa Mönch ukapita taratibu ukaingia nyuma ya kichwa cha mhudumu.

"Mkewe yule yule?"

"Yule yule."

"Basi ule mkanda," mjomba akasema, "ulikatikia pazuri."

Kutoka Stechelberg hadi Mürren sasa kuna gari jipya la nyaya lililofunguliwa Desemba 2024. Mteremko wake ni asilimia 159, na wanasema hakuna lililo kali zaidi duniani. Filamu zote za Bond zinapatikana kwa kubonyeza kitufe, na MGM yenyewe ni mali ya Amazon tangu 2022. Seti yangu ya London niliirudisha kwenye duka la hisani siku nilipohama, na yule dada wa kaunta aliniomba niichukue, hawapokei tena mikanda. Kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikiunda deki za VHS, cha Funai, kiliacha kazi hiyo Julai 2016.

Mkanda wa mjomba uko kwangu, kwenye kopo la biskuti lenye mchele wa kunyonya unyevu. Fundi mmoja wa Kariakoo ameniambia ukungu unasafishika kwa mkono na spiriti, taratibu, ila deki atakayotumia ikubali kufa baada ya hapo. Mama mdogo na mumewe bado wako pamoja, na Idi iliyopita ameniuliza tena. Mwenye deki ya PAL inayosoma vizuri, asiyeihitaji, naomba anitajie bei. Natafuta kuanzia kwenye saa mbili kasoro dakika chache, pale helikopta zinapokatika.